Wanafunzi wamepima mto: kemikali zinasema msafi, wadudu wanasema mchafu. Tumwamini nani?

#1 Mwalimu_wa_Pembeni
Habari wadau. Nasimamia klabu ya mazingira ya sekondari moja hapa Morogoro, upande wa milimani. Muhula huu tumekuwa tukipima kijito kinachoshuka kutoka Uluguru na kupita karibu na shule. Tuna vituo viwili: cha juu, kabla ya mashamba ya mboga, na cha chini, ukishapita daraja ambako watu wanafua na bodaboda zinaoshwa.

Tunapima kwa njia mbili. Kwanza kemikali: nitreti, fosfeti na pH. Unatia maji kwenye kichupa, unaweka dawa, unasubiri rangi itoke, unalinganisha na kadi. Pili ni wadudu, kwa mfumo wa miniSASS wa Afrika Kusini. Unachota kwa wavu, unamwaga kwenye beseni jeupe, unaangalia ni makundi gani yamo. Kila kundi lina alama zake: lisilovumilia uchafu ndilo lenye alama nyingi. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi.

Juu tulipata kaa (6), kereng'ende wachanga (6), wale wanaojijengea vijumba vya mchanga (9), wenye mikia mitatu (11), na yule wa mikia miwili ambaye peke yake ana 17. Wastani 9.8. Chini tukapata minyoo (2), ruba (2), vibuu vya nzi (2) na konokono (4). Wastani 2.5.

Kinachonisumbua ni kwamba kemikali hazitofautiani. Nitreti iko kwenye rangi ya mwanzo kabisa ya kadi, juu na chini. Fosfeti hivyohivyo. pH iko 7. Kidato cha pili wananiuliza mto ni msafi au mchafu, na jibu sina. Karibuni. Mto sitautaja kwa sasa.

#2 Nimekaa_Pale
Ngoja wataalamu waje. Nipo pale na kahawa yangu.

#3 Dawa_ya_Nyanya
Mwalimu, jibu umeliandika mwenyewe: "mashamba ya mboga". Nimelima nyanya na kabichi huko milimani, najua jioni inavyokuwa. Mtu akimaliza kupuliza, bomba la dawa analisuuza wapi? Mtoni. Na kile kichupa cha dawa kinabaki hapohapo kwenye majani.

Kadi yako ya nitreti haioni dawa ya wadudu. Inapima mbolea na kinyesi, basi. Dawa za jamii ya pairethroidi zinaua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno ambacho hakibadilishi rangi wala harufu ya maji. Dawa haichagui kati ya mdudu wa kabichi na mdudu wa mtoni.

#4 MchangaMoto
#3 usikimbilie dawa. Mwalimu, chini ya maji hapo darajani kuna mawe au mchanga? Huyo wa mikia miwili anakaa chini ya mawe, kwenye maji ya baridi yanayokwenda mbio. Ukimtafuta kwenye mchanga laini humpati hata maji yakiwa ya mbinguni. Kama watu wanachota mchanga wa kujengea, wameshamvunjia nyumba. Hamna sumu hapo.

#5 Mwalimu_wa_Pembeni
#4 ni mchanga mtupu. Na ndiyo, wanachota.

#6 MchangaMoto
Nimemaliza. Uzi ufungwe.

#7 Jikoni_Maabara
Usifungwe kwanza. Mwalimu, kadi yako ya nitreti imeandikwaje, NO3 au NO3-N? Hapa wengi huanguka. Vifaa vingi vya wanafunzi vinasoma nitrojeni iliyomo ndani ya nitreti, siyo nitreti nzima. Ili upate nitreti yenyewe unazidisha kwa 4.4. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitreti kwa lita, na kwa hesabu ya nitrojeni ni kama 11. Mtu akisoma 10 kwenye kadi ya NO3-N akaona "mbona bado mbali na 50", kumbe yuko ukingoni.

Mengine mawili. Tarehe ya dawa zenyewe za kupimia imepita? Na rangi mlisomea wapi? Ile pinki ukiisoma chini ya taa ya njano ya stoo inapungua, ukiisoma kivulini mchana inaonekana vizuri.

#8 Mwalimu_wa_Pembeni
Asante #7. Ni NO3-N, na rangi tuliisoma chini ya 0.2. Tarehe haijapita. Tunasomea mtoni, mchana.

#9 Jikoni_Maabara
Hapo hata ukizidisha hufiki 1. Basi kemia yako iko sawa kwa ilichopimia.

#10 Kipanga_wa_Msamvu
Taja mto mkuu. Kutoka Uluguru, kuna daraja, kuna wafuaji, kuna bodaboda. Nimeshabakiza mito miwili kichwani.

#11 Wakili_Asiyelipwa
Hawezi kuutaja. Kuna Sheria ya Takwimu, ukitoa takwimu zako zinazopingana na za serikali unakwenda ndani. Waache watoto wasome kwa amani.

#12 Karani_Mstaafu
#11 habari zako zimechacha. Sheria ni ya 2015. Ule ukali unaousema uliingizwa na marekebisho ya 2018, na mwaka uliofuata, 2019, ikarekebishwa tena na makosa hayo ya jinai yakaondolewa. Mwalimu asiogope sheria hiyo. Kama anamwogopa mkuu wa shule, hilo ni suala lingine.

#13 Mwalimu_wa_Pembeni
Mkuu wa shule hana shida. Mwenye shamba la juu ni mzazi wa wanafunzi wangu wawili, nadhani mmenielewa.

#14 Dawa_ya_Nyanya
Ahaaa! Na bado mnasema mchanga.

#15 Mama_Kanga
Kabla hamjafika kwetu tunaofua, niseme. Kila mto ukichafuka tunaonyoshewa vidole sisi. Nimefulia mtoni tangu niko msichana, kwa sabuni ya mche, na watoto walikuwa wanakamata kaa palepale. Siku hizi ni sabuni za unga, sawa, zinatoa povu mpaka ng'ambo. Lakini anayeosha pikipiki anamwaga oili, mbona yeye hamumtaji?

Halafu mwalimu, mnapima siku gani?

#16 Mwalimu_wa_Pembeni
Shikamoo mama. Jumamosi asubuhi, saa tatu hivi, maana siku za kazi kuna vipindi.

#17 Mama_Kanga
Marahaba. Sasa Jumamosi saa tatu ndiyo kwanza tunabeba mabeseni kutoka nyumbani. Mnapima maji ambayo hayajafuliwa.

#18 Saa_za_Usiku
#17 umegusa penyewe. Kichupa kinakuambia maji yaliyopita mbele yako dakika ile. Kilichopita jana saa kumi jioni kiko Ngerengere, kesho kiko Ruvu, na watu wa Dar wanakisafisha wanywe. Mdudu ni mlinzi wa zamu: amelala hapo usiku na mchana, wengine miezi kadhaa kabla ya kuota mbawa na kuruka. Uchafu ukipita mara moja kwa wiki, kadi haiuoni, yeye anaufia.

Tena kuna oksijeni, ambayo hamkupima. Maji ya nyuzi 25 yakijaa oksijeni hubeba kama miligramu 8 tu kwa lita. Mchana mimea inaitengeneza, usiku mimea yenyewe na bakteria wanaila. Kiwango cha chini kabisa kinakuwa karibu na alfajiri. Saa tatu jua limeshaanza kufuta ushahidi.

Mwalimu, vile vibuu vya nzi vilikuwa na rangi gani?

#19 Mwalimu_wa_Pembeni
Vyekundu. Vyekundu kabisa kama uzi wa kushonea.

#20 Saa_za_Usiku
Vina himoglobini, ya jamii moja na ile ya kwenye damu yetu. Ndiyo inavisaidia kuishi kwenye tope lisilo na hewa. Vikijaa hivyo, mimi nashuku uchafu unaooza, kama kinyesi, maji ya vyoo au mabaki ya jikoni, unaomaliza oksijeni. Sishuku dawa. Angekuwa mtuhumiwa ni dawa ya wadudu, vibuu navyo vingekufa, ni wadudu vilevile.

#21 Dawa_ya_Nyanya
#20 angalia orodha ya chini tena. Minyoo, ruba, konokono. Hao kibaiolojia si wadudu kabisa, na dawa ya wadudu haiwasumbui kama inavyomsumbua mwenye miguu sita. Kati ya makundi manne matatu si wadudu! Juu, ukimtoa kaa, wote ni wadudu. Nani katoweka? Na hivyo vibuu vyekundu vinazaliana haraka, dawa ikipita vinarudi kabla ya wengine.

#22 Nimekaa_Pale
Kahawa imeisha, naagiza chai. Ruba ndiye shahidi wa upande gani sasa?

#23 Mkurya_Mtulivu
Mnanikumbusha Machi 2022, Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki wakafa. Kamati ikaundwa, ikarudi na majibu: kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ikacheka mitandaoni. Mimi ni wa huko, ng'ombe hawakuanza kunya 2022.

#24 Jikoni_Maabara
Tulicheka, lakini kinyesi kuua samaki si kichekesho. Kuna utafiti ulichapishwa 2018 kuhusu Mara ya upande wa Kenya: viboko zaidi ya 4,000 wanarundika kinyesi kwenye madimbwi, mvua ikinyesha juu maji yanausomba ule uozo wote kwa pamoja, oksijeni inashuka ghafla, samaki wanakufa. Sisemi ndicho kilichotokea 2022. Nasema tu kwamba inawezekana mto ukafa bila tone la sumu.

#25 Mkurya_Mtulivu
Kwa hiyo unatetea kamati.

#26 Jikoni_Maabara
Natetea oksijeni.

#27 Kipanga_wa_Msamvu
😂😂 Turudi Moro jamani.

#28 Mtoto_wa_PMB
Niko masomoni Pietermaritzburg, KwaZulu-Natal, na huku miniSASS inatumiwa sana na shule. Mfumo mkubwa, SASS wenyewe, una makundi kama 90 ya viumbe na unahitaji mtu aliyefunzwa. Hii ndogo wameibana ikabaki na makundi 13 ili mtoto wa shule aweze. Kwa hiyo imepoteza mengi njiani, msiibebeshe mzigo usio wake.

Mambo mawili. #4 ana hoja, na mfumo wenyewe unaijua: kuna jedwali la mto wa mawe na jedwali la mto wa mchanga, huruhusiwi kuyachanganya. Lakini 2.5 iko ngazi mbaya kabisa kwa majedwali yote mawili, kwa hiyo mchanga peke yake haumwokoi. La pili: muda. Kuchota ni kama dakika tano kila kituo, na unagusa mawe, mchanga na majani ya pembeni. Je, chini mlichota muda uleule?

Na nyumbani tuna wetu, TARISS, uliochapishwa 2015 na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, kwa ajili ya mito ya Tanzania. Ni wa wataalamu zaidi lakini ni vizuri wanafunzi wajue upo.

#29 Binti_Klabu
Shikamoo mwalimu. Muda wa kule chini naomba nijibu mimi 🙈

#30 Mwalimu_wa_Pembeni
Marahaba. Wewe ni nani?

#31 Binti_Klabu
Sisemi. Ila kule juu maji mazuri, tulikaa mpaka tukachelewa chakula. Kule chini kunanuka, wavulana waliingiza wavu mara mbili tatu wakaanza kupiga picha na gambuti zao. Majani ya pembeni hayakuguswa.

#32 MchangaMoto
Kesi imebadilika. Mtuhumiwa mpya: wavulana.

#33 Mtoto_wa_PMB
😂 Kama majani ya pembeni hayakuchotwa, kereng'ende na mende wa majini hamkuwapa nafasi. Ongeza kereng'ende wa 6 na mende wa 5 kwenye ile 10 yenu, inakuwa 21 kwa makundi sita, yaani 3.5. Bado ni mbaya, lakini unaona inavyocheza.

#34 Meno_ya_Arusha
Mbona hamjapima floraidi? Kwetu Arusha maji yanaonekana kama lulu, kumbe meno yetu yote ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4. Pale Ngurdoto waliwahi kutengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kuchujia.

#35 Jikoni_Maabara
Floraidi ya kwenu inatoka kwenye miamba ya volkano, Meru na majirani zake. Uluguru si volkano, ni miamba mikongwe iliyoinuliwa, sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki. Na hata ingekuwepo ingekuwa juu na chini sawasawa. Pole kwa meno.

#36 Meno_ya_Arusha
Nimezoea. Natabasamu nikiwa nimefunga mdomo.

#37 Mchuuzi_wa_Kalamu
Nunueni ile kalamu ya TDS pale Kariakoo, unachovya tu inatoa namba. Ya bomba nyumbani inasoma 120, ya kisima cha jirani 900. Rahisi.

#38 Fundi_Bomba
Na hiyo 900 inakuambia nini? Kwamba kuna chumvi nyingi zilizoyeyuka, basi. Vijidudu haioni, dawa ya shamba haioni. Maji ya 120 yanaweza kukuharisha wiki nzima.

Wenye kalamu hizi ndio walewale wanaouza mashine za kuchuja. Anakuja nyumbani, anatumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi ya maji yako, yanageuka kahawia mazito, mama anashika kichwa. Ni kutu ya vyuma vyake. Maji ya mashine yake hayageuki kwa sababu hayana chumvi za kupitisha umeme. Shangazi yangu alishalipa.

#39 Mama_Kanga
Huyo kijana alifika na kwangu. Nilimwambia aweke na kwenye soda yake tuone.

#40 Daktari_wa_Zamu
Mwalimu, umeandika konokono nikashtuka. Konokono wa maji baridi, maji yanayokwenda polepole, watu wanaingia humo: huo ni mwaliko wa kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono jua linapowaka, hasa kuanzia asubuhi ya katikati mpaka alasiri. Gambuti zinazofika magotini na glavu si za kupigia picha. Aliyelowa ajikaushe haraka. Na watoto wasikwepe siku ya vidonge shuleni, ile ya kupimwa urefu kwa kijiti.

#41 Nimekaa_Pale
Vile vidonge vichungu jamani, na ukinywa na njaa unaona nyota.

#42 Saa_za_Usiku
#40 sasa tufanyeje? Mimi nataka waende alfajiri kwa ajili ya oksijeni, wewe unataka wakwepe jua, Mama Kanga anataka waende jioni baada ya kufua.

#43 Daktari_wa_Zamu
Alfajiri na mwalimu wao, kwa kichocho ni afadhali. Kwa mambo mengine waulize wazazi.

#44 Mzee_wa_Mfereji
Mnabishana dawa na sabuni, hakuna aliyeuliza maji yenyewe yamebaki kiasi gani. Kiangazi huko juu kuna mipira ya kumwagilia kama utumbo, kila shamba na mpira wake. Kinachofika darajani ni mchirizi. Maji yakipungua yanapata joto, yanasimama, yanakosa hewa. Uchafu uleule uliokuwa unamezwa na mto mzima sasa uko kwenye ndoo. Pimeni tena baada ya masika ndipo mseme.

#45 Otieno_wa_Ziwa
Salamu kutoka Kisumu. Mwalimu, nitreti kuwa chini haimaanishi haikuingia. Huku kwetu gugumaji linakunywa mbolea yote inayoshuka kutoka mashambani, ukipima katikati ya gugu unaweza kupata namba nzuri ajabu. Je, kati ya shamba na daraja kuna matete, mwani, magugu? Kama mawe yana ute wa kijani, nitreti yako imo mle.

#46 Mwalimu_wa_Pembeni
Matete yapo mengi, mpaka tunapita kwa shida.

#47 Dawa_ya_Nyanya
Kila mtu anakuja na mtuhumiwa wake, mwalimu atarudi darasani na saba.

#48 Kiti_Moto_Ofisini
Niulize swali la kikatili. Hata wakipata jibu, nani atalipokea? Ofisi haichukui namba za kidato cha pili. Nimeona barua za namna hii zinavyolala kwenye faili.

#49 Karani_Mstaafu
Zikija kama tuhuma zinalala, hilo kweli. Zikija kama rekodi, yaani mahali palepale, saa ileile, picha ya beseni, mwezi baada ya mwezi, ni tofauti. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ofisi yake iko hapohapo Morogoro. Wao hawawezi kuwa kwenye kila kijito kila wiki, watoto wanaweza. Wasipeleke "fulani anachafua mto". Wapeleke jedwali na ombi la mtu wa maabara kuja mara moja kupima dawa za shamba, maana hicho shule haiwezi.

Na shamba kuwa ndani ya mita 200 kutoka mtoni ni kosa kisheria.

#50 Wakili_Asiyelipwa
Mstaafu, sasa zamu yangu. Ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57.

#51 Karani_Mstaafu
Sawa, 60. Tumelingana, moja kwa moja.

#52 Mtoto_wa_PMB
Mwalimu, kabla ya barua, ongeza kituo cha tatu: chini ya mashamba lakini juu ya daraja. Wadudu wakiwa wametoweka hapo tayari, wafuaji na bodaboda wako huru. Wakiwepo hapo na kutoweka darajani, #3 apunguze sauti.

Ubishi wa mchanga nao una dawa. Chukueni mifuko ya wavu ya vitunguu, ijazeni mawe ya ukubwa mmoja, zamisheni mmoja kila kituo, funga kwa kamba kwenye mti. Baada ya wiki kama sita inueni na mhesabu waliohamia. Nyumba zitakuwa sawa kote, kitakachobaki tofauti ni maji.

#53 Mwalimu_wa_Pembeni
Hii nimeipenda. Binti_Klabu, utasimamia mfuko wa chini, na wavulana watabeba mawe.

#54 Binti_Klabu
Mwalimu umeshanijua 😭

#55 Mama_Kanga
Hizo kamba mzifunge mbali na tunapofulia. Na waambieni wachota mchanga, vinginevyo mawe yenu mtayakuta kwenye msingi wa nyumba ya mtu.

#56 MchangaMoto
Mifuko ya mawe ni wazo langu kimsingi. #3, ikiinuliwa imejaa wenye mikia, utaninunulia soda.

#57 Dawa_ya_Nyanya
Ikiinuliwa mitupu, wewe utakuja kulima nyanya zangu msimu mzima bila dawa.

#58 MchangaMoto
Soda kwa soda bwana, mbona unapandisha dau?